Tabibu asiyeficha mti wake

Mzazi wa Rongo au Ndhiwa, magharibi mwa Kenya, aliyeuza ng'ombe kumlipia mwanawe karo hutarajia kusikia kazi chache: ualimu, uuguzi, uhandisi, pengine polisi. Mwana akirudi nyumbani na kusema anataka kufuata nyayo za nyanya yake, achimbe mizizi, achemshe magome na kutibu watu, nyumba nzima hunyamaza. Hofu ya mzazi si ya pesa peke yake. Anajua jina atakaloitwa mtoto wake kijijini, na anajua jina hilo likishaganda halibanduki.

Wajaluo, wenyeji wa sehemu hizo, wenyewe hawaweki waganga wote kapu moja. Yuko ajuoga anayepiga ramli, yuko nyamrerwa anayewahudumia waja wazito na watoto wachanga, na yuko jathieth, mwenye kutibu kwa miti. Lakini katika porojo za sokoni tofauti hizo hufutika, na kijana mwenye gunia la magome huhesabiwa pamoja na mpiga ramli.

Na hii ndiyo nchi iliyomzaa Gor wuod Ogada wa Kanyamwa, kiongozi na mganga aliyevuma kwa maajabu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Klabu ya kandanda iliyoanzishwa mwaka 1968 ilibeba jina lake, Gor Mahia, na maelfu hulipigia kelele uwanjani kwa fahari. Anayelishangilia jina la mganga Jumapili huenda ndiye atakayekataa binti yake kuolewa na mganga Jumatatu. Ninaamini shaka hiyo juu ya waganga ina sababu zake, na kijana anayetaka kuishi kwa kazi hii hana budi kuzisikiliza sababu hizo hadi mwisho.

Sababu ya kwanza hutoka kanisani. Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na hadi leo Homa Bay na Migori ni miongoni mwa ngome zao. Mafundisho yao ya afya husifu maji safi, mboga, mapumziko na mimea aliyoiumba Mungu. Kwa hiyo mzee wa kanisa anaweza kumshauri jirani anywe mwarobaini bila kuona kosa. Asichokivumilia ni ramli, hirizi na kafara. Katika Kaunti ya Migori kuna pia Got Kwer, mlima mtakatifu wa Legio Maria, kanisa lililozaliwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto, aliyefariki mwaka 1991. Waumini wake huombea wagonjwa na kupambana na pepo waziwazi. Muumini wa kanisa lolote kati ya haya anapomwona tabibu wa mitishamba huuliza jambo moja: nguvu iliyo nyuma ya chupa hii ni ya nani?

Sababu ya pili iko kwa majirani, nayo ni ya kale zaidi. Mkono unaojua mti unaoponya hudhaniwa kuujua pia mti unaoua. Grace Ogot, aliyesomea uuguzi na ukunga kabla ya kuwa mwandishi mashuhuri, aliiweka hofu hiyo ndani ya riwaya yake The Promised Land ya mwaka 1966. Mjaluo aliyehamia Tanganyika anaingiliwa na ugonjwa wa ngozi kwa husuda ya jirani yake mganga, hospitali inashindwa, na anayemponya ni mganga mwingine. Sheria nayo iliitilia hofu hiyo muhuri: Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 iliandikwa na serikali ya kikoloni ambayo haikujisumbua sana kumtenga mponyaji na mlozi.

Sababu ya tatu ni makaburi. Ukimwi ulipoingia ukanda wa Ziwa Victoria, watu wakakonda na kufa nyumba kwa nyumba, wengi walisema ni chira, adhabu ya kuvunja miiko. Wagonjwa walinyweshwa manyasi, dawa ya mitishamba ya kuondoa chira, huku virusi vikiendelea na kazi yake. Mwaka 1990 hata wanasayansi wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wakiungwa mkono na Rais Moi, walitangaza Kemron kuwa dawa ya Ukimwi. Tafiti zilizofuata hazikuona faida iliyodaiwa. Mwaka 2011 misururu ya magari ilijaa Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kila mtu akitafuta kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania, na madaktari wakalazimika kuwasihi wagonjwa wasiache dawa zao. Mti uliotajwa kuwa chanzo cha kikombe kile, Carissa edulis, Wajaluo huuita ochuoga. Unaota katika vichaka vyao, na watoto hula matunda yake.

Uokoaji wa kweli ulikuja kwa njia nyingine. Mwaka 2001 hospitali ya Homa Bay, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka, ilikuwa miongoni mwa hospitali za kwanza za umma nchini kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi, ARV, bila malipo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 uliwakuta watu wazima wenye virusi wakiwa asilimia 19.6 Homa Bay na asilimia 13 Migori, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9. Mahali penye hesabu hiyo, anayemwambia mgonjwa aweke vidonge kando ajaribu mizizi kwanza anacheza na roho ya mtu. Jamii inayomtilia mganga shaka imejifunza kwa machozi.

Ukizitazama sababu hizi tatu utaona zinanywa maji ya kisima kimoja, nacho ni usiri. Muumini hajui ni nguvu gani inayotumika. Jirani hajui mganga anakusudia nini. Muuguzi hajui kilichomo ndani ya chupa ya rangi ya chai wala ni kiasi gani mgonjwa amekunywa. Waganga wengi wameamini kwamba siri ndiyo mali yao, na kwamba mti ukijulikana riziki imekwisha. Waswahili walisema mficha uchi hazai. Tabibu anayeficha mti wake naye hawezi kuzaa imani.

Njia ya uwazi imekwisha kutengenezwa, na aliyeitengeneza ni mwana wa Nyanza, ukanda huuhuu wa ziwa. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha mwaka 1976 kitabu cha mimea ya tiba ya Afrika Mashariki, mti kwa mti, pamoja na majina ya wenyeji na matumizi yake. Mwaka 1990 yeye na wenzake, Timothy Johns na Ebi Kimanani, walitoa utafiti kuhusu dawa za Wajaluo wa Siaya. Waliwauliza watu wengi, kisha wakahesabu ni wangapi wanataja mti uleule kwa ugonjwa uleule. Dawa inayokubaliwa na wengi wasioambiana inastahili kupelekwa maabara kabla ya dawa inayojulikana na mtu mmoja peke yake. Kijana wa Oyugis au Awendo anaweza kuanza hivyo hivyo kwa daftari na kalamu: jina la mti, sehemu iliyotumika, kipimo, umri wa mgonjwa, na kilichotokea baada ya siku kadhaa, hata kama hakikupendeza.

Ujuzi wenyewe bado upo. Mwaka 2001 watafiti Ruth Prince na Wenzel Geissler walichapisha simulizi la mganga wa Kijaluo na mjukuu wake, namna mtoto anavyojifunza kwa kumfuata nyanya yake. Urithi wa namna hiyo ni wa thamani kubwa, nami nitasikitika ukizikwa pamoja na vikongwe wetu. Lakini macho ya nyanya hayawezi kupima kila kitu. Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria iliyotokana na mmea uliotajwa katika maandishi ya kale ya nchi yake. Mmea huohuo ukichemshwa kama chai, Shirika la Afya Duniani halishauri utumike kutibu malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani ya kikombe hakitabiriki, na kipimo hafifu huweza kuwapa vimelea nafasi ya kuwa sugu. Tabibu wa kandokando ya ziwa, mahali ambapo malaria haipumziki, analazimika kujua tofauti hiyo vizuri kuliko anavyojua njia ya msituni.

Wapo waliokwisha kuonyesha kwamba mganga anaweza kubadilika na asivunjiwe heshima. Serikali ilipoondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma mwaka 2013, wakunga wa jadi katika sehemu nyingi za nchi walipewa jukumu jipya: kumsindikiza mama hadi kituo cha afya badala ya kumzalisha nyumbani. Aliyekubali aliendelea kuaminiwa na akina mama, na muuguzi akaanza kumsalimu kwa jina. Jathieth naye anaweza kufika hapo. Ayajue magonjwa ambayo si yake, na amwandikie mgonjwa wa homa kali, kikohozi cha wiki kadhaa au damu isiyokatika barua ya kwenda hospitali kabla ya kugusa sufuria.

Serikali nayo ina deni. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilitambua tiba asilia na tiba mbadala, ikataka iwekewe sera na chombo cha kuisimamia kwa sheria ya Bunge. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi ilikwisha kutamka kwamba ujuzi wa jamii una wenyewe, kwa hiyo anayetaja mti wake hadharani hapaswi kuogopa kuporwa. Ahadi hizi zinatakiwa kuonekana Homa Bay mjini na Migori mjini. Kwa miaka mingi usajili wa waganga umepitia idara ya utamaduni, ambayo haina maabara wala daktari. Kaunti zinaweza kuanza na yaliyo ndani ya uwezo wao: orodha ya wazi ya matabibu, mafunzo mafupi pamoja na wahudumu wa afya ya jamii, na fomu ya rufaa ambayo zahanati itaipokea bila dharau.

Kwa mzazi aliyenyamaza, ningemwomba asimfukuze mwanawe wala asimbariki upesi. Amuulize huo mti unaitwaje, nani mwingine anaujua, unamdhuru nani, na ni mgonjwa gani atamkataa. Mwana akijibu yote mbele ya mchungaji, jirani na muuguzi, apewe kibanda sokoni na aandikwe jina lake mlangoni. Akisema majibu ni siri ya ukoo, basi kijiji kina haki ya kuendelea kumtilia shaka.