Majina ya Vyakula katika Hoteli na Baa: Mfano wa Kanyakine, Imenti Kusini

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi vyakula vya kienyeji na vya kigeni vinavyokutana mezani katika mji mdogo wa soko, na jinsi lugha inavyoushuhudia mkutano huo. Mji wenyewe ni Kanyakine, kusini ya Nkubu, katika Kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Wakulima wa huko hupanda chai, kahawa, ndizi, mahindi na maharagwe. Lugha ya nyumbani ni Kiimenti, mojawapo ya lahaja za Kimeru, nacho Kiswahili hushika nafasi yake sokoni na hotelini, hasa anapoingia mgeni.

Yafaa kwanza tueleze neno hoteli. Katika bara ya Kenya, mtu asemaye anakwenda hoteli hatafuti kitanda. Anatafuta chai na chapati. Mtanzania angesema mgahawa, au angekwenda kwa mama ntilie. Wako wapendao neno mkahawa, nalo ni neno zuri, ila katika nchi hii iliyojaa mibuni, mahali paitwapo kwa jina la kahawa huuza chai kuanzia asubuhi hadi jioni.

Mwaka 1991, huko Clerkenwell, London, baa iitwayo The Eagle ilianza kupika chakula cha kutunukiwa bila ya kuacha kuwa baa, na kutokana na mfano wake likaenea neno ambalo kwa matamshi yetu tungeliandika gastropabu. Mtindo huo umefika Nairobi. Wenye kuusifu husema kuwa unaunganisha mazao ya nyumbani na ladha za ulimwengu, kana kwamba muungano huo ulizaliwa juzi. Dai hilo ndilo tunalotaka kulipima, kwa kuwa majina ya vyakula yenyewe yanalikanusha.

Tuchukue sahani ya mukimo, chakula ambacho kila mtu wa Mlima Kenya atakuapia kuwa ni cha mababu. Jina lenyewe, katika Kigikuyu, latokana na kitenzi gukima, yaani kuponda. Lakini ndani yake mna nini? Mna mahindi, viazi na majani ya maboga, na mara nyingine maharagwe. Mimea hiyo yote asili yake ni Amerika. Kiswahili chenyewe hakikuficha ugeni wa nafaka hii, kwani kiliiita mahindi, kwa kuihusisha na Wahindi, ingawa si wao walioianzisha. Kimeru kwa upande wake huiita mpempe, jina ambalo halimwambii msikilizaji wa leo lolote juu ya safari hiyo. Hata ndizi, ambayo Mmeru huiita irigu na kuiona kuwa yake kabisa, ilitoka Asia, tena zamani sana. Kwa hiyo lililo la kienyeji katika mukimo si vitu vilivyomo; ni mwiko, mkono na jina.

Mfano wa pili ni nyama choma. Katika miji mingi ya bara, baa na bucha hukaa ukuta kwa ukuta. Mlaji huchagua nyama kwa kilo, huketi na kinywaji chake wakati inapochomwa, kisha huletewa juu ya ubao, ikakatwakatwa mbele yake na kuwekwa pamoja na chumvi, ugali na kachumbari. Hii ndiyo gastropabu yetu, nayo haikungoja London. Hebu tuitazame hiyo kachumbari: jina ni la Kihindi, nyanya na pilipili zimetoka Amerika, na jani la kukoleza huitwa dania, neno jingine la Kihindi, ambalo Tanzania watu wengi hawalitumii, bali husema giligilani. Jina nyama choma nalo lina ajabu yake ya kisarufi. Kanuni ingetaka nyama ya kuchoma au nyama iliyochomwa; hapa shina la kitenzi limesimama peke yake kama kivumishi. Wasahihishaji wamekwisha kulilaumu, lakini limeshinda, na limezaa wenzake kama vile kuku choma na mbuzi choma.

Sarufi ya hotelini inastahili uchunguzi zaidi. Mhudumu hapazi sauti jikoni akisema chapati pamoja na ndengu. Husema chapati ndengu, ugali matumbo, ugali sukuma. Neno la kwanza ni chakula cha kushibisha na la pili ni kitoweo, wala hakuna kiunganishi. Hakuna asemaye ndengu chapati. Chai mandazi inaonekana kuivunja kanuni hii, maana andazi ndilo lishibishalo; lakini mlo wenyewe huitwa chai, ndiyo sababu chai hutangulia. Akisikia chai mandazi mbili, mpishi hawezi kujua kama ni watu wawili au ni mtu mmoja mwenye njaa, na hulazimika kuuliza. Msomaji wa Zanzibar naye ajihadhari: ndengu za Kenya si dengu zake, bali ni choroko.

Chapati, chai, pilau na sambusa ni maneno yaliyopitia Uhindi, Uajemi na Uarabuni. Biashara ya pwani na Wahindi ni ya kale. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 wa Kihindi walioletwa kuijenga reli kati ya 1896 na 1901, na wenye maduka waliofuata, waliongeza mapito ya kuingilia bara. Leo chapati haihesabiwi kuwa ngeni Imenti. Ni chakula cha sikukuu.

Sasa tufikie linalotutia wasiwasi. Orodha za vyakula katika baa za mtindo mpya huandikwa kwa Kiingereza, na humo mukimo mara nyingi hugeuka kuwa viazi vya kuponda vyenye majani. Bei hupanda na jina hupotea. Mwenye kupoteza zaidi ni Kimeru, kwa kuwa mukimo na githeri vimekwisha kuingia katika Kiswahili cha Kenya, lakini mwere, ambao ni ndugu dhahiri wa uwele wa Kiswahili, haujaingia. Kijana anywaye uji wa unga wa pakiti hana haja ya kujua ni nafaka gani iliyosagwa. Mnamo 2021 UNESCO iliingiza katika rejista yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi jitihada za Kenya za kukuza vyakula vya asili. Jitihada hizo ni za kushukuriwa, lakini mboga ikirudi shambani bila jina lake, mwenye kuinunua ataitaja kwa jina la dukani.

Kwa hiyo tungependa mpishi wa baa aandike mukimo, mwere na irigu kama walavyo na kusema wenyeji, na maelezo, yakihitajika, yafuate chini kwa Kiswahili. Litazuka swali la ngeli. Wasemaji wengi wa bara husema mukimo imeiva. Sisi tunaona mukimo umeiva ni bora, kwa sababu mu- ya neno hilo ni ndugu ya m- ya mkate na mchuzi, na upatanisho wake katika lugha za Mlima Kenya ni wa namna hiyo hiyo. Ama kuhusu gastropabu yenyewe, baa ya mapishi ingetosha kwa maandishi. Katika mazungumzo, tunadhani watu wataendelea kusema wanakwenda kwa nyama choma, hata siku ambayo nyama imekwisha na kilichobaki ni chapati ndengu.