Gari la Spoti na Vikorombwezo Vyake: Kinunuliwacho ni Mali au Ruhusa?

Gari la spoti halinunuliwi kwa sababu ya haja. Ni fupi, liko chini, viti vyake aghalabu ni viwili, na buti lake halitoshi gunia la mchele. Anayelinunua anayajua yote hayo, na bado analitamani. Hatuandiki ili kumlaumu. Mtu aliyechuma kwa halali, akailisha nyumba yake na kulipa madeni yake, ana haki ya kufurahia kilicho chake. Tunalotaka kulitazama ni vile vikorombwezo vinavyopandishwa juu ya bei ya gari: vipi humfaa mwenyewe, vipi humletea majuto, na mambo yanageukaje sasa ambapo injini ya mafuta inapokezana na umeme.

Tuchukue mfano wa Porsche, kampuni ya Ujerumani yenye makao yake Zuffenhausen, mjini Stuttgart. Gari lake mashuhuri, 911, lilioneshwa kwa mara ya kwanza katika maonesho ya Frankfurt mwaka 1963. Mnunuzi wa leo hutajiwa kwanza bei ya msingi, kisha hukabidhiwa orodha ndefu ya nyongeza za hiari. Humo mna rangi ya kuagiza, mikanda ya viti yenye rangi, nembo iliyogandamizwa kwenye kiegemeo cha kichwa, ngozi ya kufunika matundu ya kiyoyozi, hata ufunguo uliopakwa rangi ya gari. Kila kimoja, kikitazamwa peke yake mbele ya bei ya gari, huonekana kidogo. Vikijumlishwa, huweza kufikia bei ya gari jingine zima. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinachojaa ni cha muuzaji.

Majuto huja siku ya kuuza. Mnunuzi wa pili huuliza mwaka wa gari, kilomita lilizokwenda, hali ya injini na kumbukumbu za matengenezo. Ngozi ya matundu ya kiyoyozi haimpandishii bei. Nyongeza nyingine hujutiwa hata kabla ya kuuza. Breki za kauri, ambazo Porsche ilianza kuzitumia katika magari yake ya barabarani mwaka 2001, zina uzito wa takriban nusu ya zile za chuma, na hustahimili joto la kufungwa breki mara kwa mara katika uwanja wa mashindano. Huo ni uhandisi wa kweli. Lakini mtu ambaye safari zake ni za kazini, sokoni na kuwachukua watoto hulipia uwezo asioutumia, na diski zikiharibika hulipa tena fedha nyingi.

Zipo pia nyongeza ambazo wenye magari huzishukuru. Kiti kinachoushika mgongo vizuri hutumika kila safari. Taa bora huonekana faida yake kila usiku. Vitu vya namna hii vimo katika mifupa ya gari, na ni vigumu kuvifunga baadaye kwa bei nafuu. Wakati mwingine hata kupunguza huwa ndiyo nyongeza. Boxster Spyder ya mwaka 2010 iliuzwa bila kiyoyozi wala redio katika bei yake ya msingi, ili iwe nyepesi. Aliyevitaka aliviagiza. Kwa gari lililoundwa kwa ajili ya wepesi, huo ulikuwa uaminifu.

Sasa umeingia umeme, ingawa katika historia ya magari umeme si mgeni. Katika maonesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, kijana Ferdinand Porsche alikuwa na gari lililoendeshwa kwa mota za umeme zilizofungwa ndani ya magurudumu. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2008, Tesla ikaanza kuuza Roadster, gari dogo la spoti ambalo betri yake iliundwa kwa seli 6,831, za aina iliyotumika katika kompyuta za kubebeka. Mwaka 2019 Porsche nayo ikatoa Taycan, gari la umeme la milango minne lenye mfumo wa volti 800 na uzito unaozidi tani mbili.

Mabadiliko haya yamepindua orodha ya nyongeza. Zamani sauti ya injini ilikuja na gari bila kuombwa, maana ilikuwa ni injini yenyewe inayofanya kazi. Katika Taycan, sauti maalumu ya kielektroniki iliwekwa katika orodha ya vitu vya kulipia. Rimu kubwa, ambazo zamani zilikuwa pambo tu, katika gari la umeme hupunguza umbali ambao chaji moja inaweza kukufikisha. Kwa hiyo pambo lililomgharimu mwenyewe siku ya kununua humgharimu tena kila anapochaji.

Lakini badiliko zito zaidi halionekani kwa macho. Nyongeza nyingi leo ni programu. Kifaa kimo garini tangu kiwandani, ila ufunguo wake umebaki mkononi mwa aliyelitengeneza. Mwaka 2022 BMW ilitoza katika baadhi ya nchi ada ya kila mwezi kwa ajili ya kupasha viti joto, ilhali vifaa vyenyewe vilikwishafungwa ndani ya viti. Wateja walinung'unika, na mwaka 2023 kampuni ikautupa mpango huo. Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokuwa kikielekea Florida nchini Marekani, Tesla ilifungua kwa muda, tena kwa mbali, sehemu ya betri iliyokuwa imezuiwa na programu katika baadhi ya magari, ili wenyewe waweze kukimbia mbali zaidi. Ulikuwa ni wema wakati wa dhiki. Lakini ulidhihirisha pia kwamba watu hao walikuwa wakiendesha betri kubwa kuliko ile waliyoruhusiwa kuitumia.

Hapo ndipo swali la kichwa cha makala hii linapopata uzito. Kiti cha ngozi, hata kama kilinunuliwa kwa bei ya kujutia, ni mali. Mwenyewe hukiuza, hukirithisha au hukipa. Kilichofungwa kwa programu hukaribia kuwa ruhusa, na ruhusa ina aliyeitoa na ina masharti yake.

Familia zetu zinaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya matajiri wa Ulaya. Tukumbuke yaliyomo katika yadi za Dar es Salaam na Mombasa. Mjapani wa kwanza kulinunua gari alilipia ramani ya kielektroniki, nayo hapa hufungua barabara za Japani kwa maandishi ya Kijapani. Redio yake iliundwa kwa masafa ya Japani, yanayoanzia 76 na katika magari mengi kuishia 90, hivyo stesheni zetu nyingi haizikamati mpaka fundi aongeze kifaa. Nyongeza aliyoilipia yeye ikawa ni kazi kwetu. Magari ya umeme yanayouzwa leo huko ng'ambo yatashuka bandarini kwetu miaka michache ijayo, na nyongeza zake hazitatengenezwa na fundi wa redio.

Wala hakuna sababu ya kukimbilia gari la mafuta kwa hofu kwamba ni la mwisho, au la umeme kwa hofu ya kuachwa nyuma. Mwaka 2022 Porsche ilijiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 zaidi ya asilimia 80 ya magari mapya inayouza yawe ya umeme. Septemba 2025 ikatangaza kuahirisha baadhi ya mipango hiyo na kuziendeleza injini za mafuta kwa muda mrefu zaidi. Ikiwa mtengenezaji mwenyewe amebadili mwendo, mnunuzi naye hana haja ya kuharakishwa.

Kabla fedha ya nyumbani haijatoka, tunashauri mume na mke wakae na karatasi ya bei, waipitie nyongeza moja baada ya nyingine. Je, hii itatumika kila wiki, au ni ya kuoneshwa siku ya kwanza tu? Je, inaweza kuongezwa baadaye kwa nafuu? Je, inafanya kazi katika nchi tunayoishi? Na kama ni programu, tukiliuza gari, je, itahamia kwa mnunuzi? Swali hilo la mwisho muuzaji alijibu kwa maandishi, na jibu lake lihifadhiwe pamoja na kadi ya gari.