KANDANDA YA AKINA DADA: KOMBE LA CECAFA NI NINI?

Kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho wavulana wa darasa letu hubishana juu ya Gor na Ingwe hadi sauti zinawakauka. Juzi niliwauliza swali moja tu: ni nani aliyefunga mabao yote mawili ya Kenya katika fainali ya CECAFA iliyochezwa Chamazi, Dar es Salaam, Novemba 2019? Wakatazamana. Mmoja akajaribu, "Olunga?" Nikamwambia ni Jentrix Shikangwa. Akaniuliza, "Kwani akina dada nao wana CECAFA?" Wanayo, na ndiyo sababu nimeishika kalamu.

CECAFA ni baraza la vyama vya kandanda vya Afrika Mashariki na Kati. Wanachama ni 12: sisi, Uganda, Tanzania, Zanzibar, Rwanda, Burundi, Ethiopia, Eritrea, Djibouti, Somalia, Sudan na Sudan Kusini. Utaona Zanzibar imetajwa peke yake. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, kwa hivyo haichezi kufuzu kwa Kombe la Dunia kwa jina lake, lakini huku CECAFA inavaa jezi yake na kusimama kama timu kamili. Na huko Zanzibar ndiko mashindano ya wanawake yalikochezwa mara ya kwanza, mwaka wa 1986. Kisha kimya. Yalirudi mwaka wa 2016, Jinja, Uganda. Miaka 30! Msichana aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa karibu kutundika viatu vyake yaliporudi.

Sasa, yana faida gani wakati kuna Kombe la Mataifa ya Afrika? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kufuzu kwa Kombe la Afrika huchezwa nyumbani na ugenini. Ukitolewa raundi ya kwanza umecheza mechi mbili, basi, unarudi kungoja awamu nyingine. Timu inayocheza mechi mbili haiwezi kujuana. Beki hajui kipa wake atatoka lini, winga hajui mshambuliaji anapenda pasi ya chini au ya juu. CECAFA si hivyo. Huchezwa kwa makundi, au kila timu hukutana na nyingine zote kama ilivyokuwa Kigali mwaka wa 2018. Ukipoteza leo, keshokutwa una mechi nyingine ya kurekebisha mambo.

Mwaka wa 2016 Starlets walikuwa wamekwisha kufuzu kwenda Kamerun, mara yao ya kwanza kabisa katika Kombe la Afrika, na Jinja ikawa mahali pa kujinoa. Walifika fainali, Tanzania ikawachapa 2-1. Mwaka wa 2018 Tanzania, yaani Twiga Stars, ikalitwaa tena. Ndipo ukafika mwaka wa 2019, nao nitausimulia polepole maana ni utamu mtupu. Kenya ilipangwa na Ethiopia, Djibouti na Uganda. Ethiopia ikalala 2-0, Djibouti 12-0, Uganda 3-0. Nusu fainali Burundi ikaenda na kapu la tano. Fainali ilikuwa na wenyeji, uwanjani mwao, mbele ya mashabiki wao, na Shikangwa akatikisa nyavu mara mbili. Hesabu mwenyewe: mechi tano, mabao 24, na lango letu halikuguswa.

Hayo ya Djibouti wengine huyacheka. Mimi siyacheki. Sudan Kusini nayo ilifungwa 9-0 na Tanzania katika mashindano hayo hayo, kisha ikaifunga Zanzibar 5-0. Timu changa itajifunzia wapi kama si hapo?

Mwaka wa 2022 yalichezwa Njeru, Uganda, na mabingwa hatukuwako kutetea kombe letu. FIFA ilikuwa imeifungia Kenya tangu Februari kwa sababu ya mvutano kati ya serikali na chama cha kandanda. Wakubwa walipigana ofisini, wachezaji wakakaa nyumbani. Uganda iliifunga Burundi 3-1 katika fainali, na mwezi uliofuata timu hizo mbili zilikuwa Moroko katika Kombe la Afrika. Zilikwenda zikiwa moto. Sisi tulitazama kwenye runinga, wenye runinga. Kifungo kiliondolewa Novemba. Mwaka wa 2025 mashindano yakarudi Dar es Salaam na Tanzania ikabeba kombe, Kenya ikimaliza ya pili.

Tazama miaka hiyo tena: 2016, 2018, 2019, 2022, 2025. Haina mpango. Wanaume nao ratiba yao huyumba, lakini msichana umri haumngoji. Mimi hucheza namba tatu, na shuleni kwetu wasichana tunapewa uwanja Jumatano peke yake, tena wavulana wakishamaliza, na sisi wa kutwa lazima tuwahi matatu kabla ya giza. Nina miaka 16. Pengo likiwa la miaka mitatu tena, kombe lijalo litanikuta nina 18, nimemaliza shule. Likiwa kama lile la kwanza, nitakuwa mama wa watu nikimpeleka binti yangu kutazama.