Mzee Daraja la Kwanza, Wajukuu Daraja la Pili

Mtoto aliyeko Texas anataka kuwatembeza wazazi wake baharini. Amepata meli ya utalii inayong'oa nanga Galveston, amepiga hesabu zake, na ameshaamua: baba na mama watalala katika chumba cha kifahari chenye sebule na roshani; yeye, mkewe, watoto na shangazi aliyemlea watakaa vyumba vya kawaida, orofa kadhaa chini. Ndipo simu zinapoanza, Bungoma kwa wazazi na Kitale kwa wakwe. Je, marupurupu ya kile chumba kikubwa yatawafikia na wengine? Wajukuu wataruhusiwa kula na babu yao kule juu?

Si watu wa meli pekee wanaouliza. Shule zikifungwa Agosti au Desemba, familia za Kimilili, Webuye, Kiminini na Kitale hushuka Mombasa, na mara nyingi yupo mmoja aliyekatiwa tikiti nzuri kuliko wenzake: nyanya mwenye magoti mabovu, au mjomba aliyestaafu majuzi. Wanaosafiri naye huamini kwamba undugu utawafungulia mlango. Mhudumu aliyesimama pale mlangoni hana njia ya kuuona undugu. Anaona kadi.

Faida za safari hutoka mahali patatu. Nyingine ni za chumba au kiti kilicholipiwa. Nyingine ni za mtu mwenyewe, kwa sababu ya uanachama aliojipatia kwa kusafiri mara nyingi. Zilizobaki ni hisani ya mfanyakazi aliye zamu siku hiyo. Ugomvi mwingi ninaousikia huzuka pale familia iliyofanyiwa hisani Jumatatu inapoidai Jumanne kana kwamba imeilipia.

Chumba ndicho kinachomeza pesa nyingi, basi tuanze nacho. Royal Caribbean, mojawapo ya kampuni zinazosafirisha watu kutoka Galveston, imevigawa vyumba vyake vya kifahari katika ngazi tatu, Sea, Sky na Star, kwa hiyo hata miongoni mwa wakubwa kuna wakubwa zaidi. Katika meli zake kubwa kabisa upo mkahawa wa Coastal Kitchen uliotengewa wageni wa vyumba hivyo, na wale wa ngazi ya Sea hukaribishwa humo kwa chakula cha jioni tu. Norwegian wana sehemu yao iitwayo The Haven, MSC wana Yacht Club. Kila moja ina bwawa lake, mkahawa wake na ukumbi wake wa kupumzikia, na mlango wa kuingilia haufunguki bila kadi ya chumba cha humo ndani. Aliyesajiliwa anaingia. Asiyesajiliwa, hata awe mtoto wa kumzaa, anabaki nje, na hapo wa kulaumiwa si mhudumu. Utulivu wa watu wachache ndiyo bidhaa iliyouzwa, na wangeruhusiwa jamaa wote wa kila mgeni, jirani aliyelipa pesa zile zile angekuwa na haki ya kudai arudishiwe.

Usajili, basi, ndio wa kushughulikiwa mapema. Chumba cha kifahari mara nyingi huwa na kochi linalokunjuliwa kuwa kitanda, na mtu wa tatu na wa nne katika chumba kimoja kwa kawaida hulipa pungufu ya wale wawili wa kwanza. Wakiandikishwa humo tangu mwanzo, wanapata kila anachopata mwenye chumba. Ningekuwa mimi yule kijana wa Texas, jina la tatu lingekuwa la shangazi. Mwanamke aliyekulea hashushwi orofa tatu chini ya kaka yake, kisha ukatarajia kwamba nyumbani hakuna atakayelitaja jambo hilo.

Kuna ujanja unaopendwa sana. Baba na mwanawe wanaandikishwa katika chumba kikubwa, mama na mkaza mwana katika kile cha kawaida, halafu wakishapanda wanabadilishana vitanda. Kulala hakuna shida. Mapokezi mara nyingi hutoa kadi ya ziada ya kufungulia mlango wa chumba. Ila marupurupu hufuata jina lililoandikwa. Mama atalala kwenye chumba kikubwa, na saa ya chakula atazuiwa penye mkahawa wa wateule huku mwanawe akipita. Nani atakula hapo kwa raha?

Yapo pia masharti yanayokaza upande mwingine, na huwashtua watu. Katika safari zinazoanzia Marekani, Royal Caribbean haimpi chumba kijana aliye chini ya miaka 21 bila mtu mzima wa kulala naye, isipokuwa watoto ambao wazazi wao wako chumba cha jirani. Na mtu mzima mmoja akinunua kifurushi kikubwa cha vinywaji, kile chenye pombe, watu wazima wengine wa chumba hicho nao hutakiwa wakinunue. Mweke mama wa kanisa la Friends kutoka Lugulu, ambaye hata busaa ya harusini hajawahi kuionja, katika chumba kimoja na shemeji mwenye kiu, kisha uone bili ya mwisho.

Wa juu, hata hivyo, hazuiwi kushuka. Babu ana ruhusa ya kula kila jioni katika ukumbi mkuu wa chakula pamoja na wajukuu wake wote. Kinachotakiwa ni kuiomba kampuni iziunganishe nambari za tikiti za familia ili mpewe meza moja na saa moja, na hilo hufanywa kabla ya safari. Mchana, ikiwa chumba chake hakimo ndani ya eneo lililofungwa kama The Haven, jamaa wanaweza kumtembelea na kukaa naye kwenye roshani. Nimeona familia zikinufaika zaidi na roshani hiyo, chai na soga za nyumbani, kuliko na mkahawa wa wateule. Kwa hiyo ukilipia chumba kikubwa, kilipie kama sebule ya ukoo. Ukikichukulia kuwa ufunguo wa milango mingine, utajuta.

Uanachama una kanuni zake. Royal Caribbean huwaruhusu mume, mke na watoto wao wa nyumba moja kushiriki daraja la yule aliyesafiri zaidi. Nyumba moja maana yake ni anwani moja, na hapa watu wetu huchangamka, kwa kuwa sanduku moja la posta kwetu laweza kuwa la baba, la ami, la kanisa na la shule ya msingi. Kampuni haina habari na sanduku hilo. Inamaanisha wanandoa na watoto wao, basi.

Kwenye ndege mambo ni makavu zaidi. Kenya Airways, mwanachama kamili wa muungano wa SkyTeam tangu 2010, ina ndege za Boeing 787 zenye viti 30 vya daraja la biashara na 204 vya kawaida, na hizo ndizo zinazokwenda New York. Msafiri wa kimataifa aliyelipia daraja la biashara anaingia katika ukumbi wa mapumziko wa uwanja wa ndege peke yake. Mwenye kadi ya Elite Plus ya SkyTeam anaweza kumwingiza mgeni mmoja anayesafiri siku hiyo kwa ndege ya muungano huo huo, hata kama yeye mwenyewe yumo katika viti vya kawaida. Kwa maneno mengine, mwana mwenye kadi hiyo aliyeketi nyuma anaweza kumsaidia jamaa yake kuliko baba aliyeketi mbele. Wachache wanalijua hili, na hukumbushana wakiwa wamekwisha kuachana mlangoni.

Na kuna jambo ambalo laiti ningeliandika kwa wino mwekundu. Watu humnunulia mzee daraja la biashara kwa sababu ya miguu: foleni ndefu, ngazi, umbali wa kutembea pale JKIA. Msaada wa kiti cha magurudumu hautegemei daraja. Huombwa wakati wa kuweka nafasi, au angalau saa 48 kabla ya kuruka, na mashirika ya kimataifa hayautozi. Anayesukumwa hupelekwa mbele ya foleni, na mara nyingi jamaa mmoja huachwa apite naye. Hiyo ya jamaa ni hisani, msiitegemee kwa watu watano.

Wilaya hizi zetu hazikujifunza madaraja kutoka kwa meli za Texas. Reli iliyopita Eldoret na Turbo kuelekea Uganda, na ambayo tawi lake lilifika Kitale mwaka 1926, ilileta madaraja matatu. Enzi za ukoloni, la kwanza kwa kawaida lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu la Waafrika, na mgawanyo huo haukuhitaji bango kubwa kwa kuwa nauli yenyewe ilifanya kazi ya bango. Baada ya uhuru ngozi iliondoka, mabehewa yakabaki. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya watu wawili, la pili vya watu wanne, na la tatu lilikuwa viti tu. Chakula cha behewa la mkahawa pamoja na matandiko vilikuwa mambo ya madaraja mawili ya juu.

Kanuni moja ya daraja la pili inastahili kukumbukwa. Wanaume na wanawake walilazwa vyumba tofauti, isipokuwa familia ikilipia vitanda vyote vinne, na hapo chumba kizima kilikuwa chao, wakafunga mlango. Wazee waliosafiri miaka hiyo watakwambia kwamba chumba kizima cha daraja la pili, watoto wakiwa juu na wazazi chini, kilishinda vitanda viwili vya daraja la kwanza na watoto kutupwa behewa la nyuma. Kwa maoni yangu bado kinashinda, kwenye meli pia: vyumba viwili vya kawaida vyenye mlango wa kuunganisha kati yao huifaa familia ya watu sita kuliko chumba kimoja cha fahari na kimoja kilicho mbali.

Ila isiwe sheria ya kufuatwa kwa macho yaliyofumbwa, maana kuna familia zinazohitaji kutenganishwa. Kwa desturi ya Wabukusu, mwanamume na mamamkwe wake huheshimiana kwa kuwekeana umbali: hawapeani mkono, hawali meza moja, hawalali nyumba moja. Makanisa na miji vimelegeza mengi, lakini mama wa miaka 75 kutoka Chwele hatakubali kuegesha magoti yake mbele ya magoti ya mkwewe kwa saa tano, na viti vya daraja la kawaida katika Madaraka Express, treni ya Nairobi hadi Mombasa, vimepangwa hasa hivyo, watu wakitazamana. Hapo mamamkwe kukatiwa daraja la kwanza pamoja na binti yake ni heshima inayoeleweka hata na walioachwa nyuma. Wakala wa mbali hawezi kukuuliza swali hilo. Lazima ulitaje wewe.

Na kwa kuwa wengi wetu tutapanda treni kabla ya kupanda meli, tumalizie na hesabu ya treni. Tangu Januari 2024 nauli ya Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 la kwanza. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Tikiti hukatwa kwa jina na nambari ya kitambulisho, kwa hiyo kupokezana kiti kizuri njiani si mpango wa kuutegemea, na mjukuu atakayemfuata nyanya yake behewa la mbele ataombwa arudi kwake. Tuseme mko watu wazima wanane. Wawili wakikaa daraja la kwanza na sita la kawaida, mtalipa 18,000. Nyote mkikaa daraja la kawaida, mtalipa 12,000.

Zile 6,000 zilizobaki ndizo zinazonishughulisha. Aliyetoka Kitale au Bungoma anaanza kwa barabara. Amekwisha kukaa garini usiku kucha, na uchovu wake haukutoka kwenye treni. Umetoka Burnt Forest na Timboroa saa nane za usiku, kisha ukaongezeka Nairobi katika safari ya kuvuka jiji hadi stesheni ya Syokimau na mizigo kichwani. Mpeleke mzee Nairobi siku moja kabla, alale kwa jamaa au katika nyumba ya wageni iliyo karibu na stesheni, apande treni ya saa mbili asubuhi akiwa amepumzika. Kitakachobaki kilipie gari la kuwapokea nyote wanane kituoni Miritini, kwa sababu kutoka hapo hadi mjini bado kuna mwendo, na madereva wa teksi wa pale wanamtambua mgeni wa bara kabla hajafungua mdomo.