Migawanyo ya Uwezekano na Bima ya Mafuriko katika Mpaka wa Tororo na Busia

Mto Malaba huanzia katika miteremko ya Mlima Elgon, hufuata mpaka wa Kenya na Uganda, kisha hupita Tororo kuelekea Ziwa Kyoga. Mlima huohuo hulisha pia Mto Nzoia, ambao hufurika Budalang'i, Kaunti ya Busia, kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Mvua ni ileile, ilhali bima ya kilimo yenye ruzuku, iliyoanzishwa na serikali zote mbili mwaka 2016, huendeshwa na kila nchi peke yake.

Hasara ya mwaka hukadiriwa kwa hatua mbili: idadi ya matukio, kisha ukubwa wa kila tukio. Kwa idadi, wengi hutumia mgawanyo wa Poisson, unaochukulia kwamba matukio hayategemeani na kwamba varianse ni sawa na wastani. Mafuriko hayana tabia hiyo. Udongo ukishashiba maji, au tuta la mto likishabomoka, mvua ya kiasi tu huleta gharika nyingine. Mgawanyo wa binomia hasi, unaoruhusu varianse kuzidi wastani, unafaa zaidi.

Ugumu mkubwa umo katika ukubwa wa hasara. Chukulia, kwa mfano tu, eneo ambalo kila tukio huleta hasara ya wastani wa shilingi milioni 3. Hasara zikifuata mgawanyo wa kipeo, uwezekano wa tukio kuzidi milioni 100 haufiki 1 katika bilioni. Zikifuata mgawanyo wa Pareto wenye wastani uleule, kima cha chini cha milioni 1 na kigezo cha 1.5, uwezekano huo ni 1 katika 1,000. Rekodi za misimu michache haziamui kati ya hiyo miwili, kwa kuwa tofauti kubwa imo katika matukio ambayo bado hayajatokea. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilivuka kina cha 1964. Mkadiriaji aliyetegemea takwimu za miaka 30 iliyotangulia asingeikuta hali hiyo hata mara moja.

Kuna pia suala la utegemeano, ambalo washauri wa sera hulipuuza mno. Mwaka mbaya ukiwa na uwezekano wa 5% Tororo na 5% Busia, anayezichukulia kuwa huru hupata 0.25% kwa zote mbili kuumia pamoja. Mvua ya Elgon ikitawala kotekote, jibu laweza kukaribia 5%, yaani mara 20. Kampuni za nchi zote mbili zikipeleka bima mtawanyo kwa kampuni ileile ya kanda, mzigo uliodhaniwa kugawanywa hukutana tena mahali pamoja.

Ruzuku haiponyi kosa hilo. Hupunguza ada anayolipa mkulima, lakini haiongezi akiba ya kulipia fidia. Ada iliyokokotolewa kwa mgawanyo usiofaa huwa nafuu hadi mwaka wa gharika, ambapo kampuni hushindwa kulipa au hujiondoa, na mkulima mdogo hubaki bila mbegu wala imani na bima. Vipimo vya mvua ya Elgon na vya kina cha Malaba na Nzoia vyapasa kuwekwa katika hazina moja, itakayotumiwa na wakadiriaji wa Kampala na Nairobi kabla ya ada za msimu kupangwa.