Mintarafu ya Kompyuta Isiyokubali Kuzimika

Ni adha ya pekee mtu kuiamuru kompyuta yake izimike baada ya kazi ya kutwa, akaisikia feni ikinyamaza, akainuka kuchukua funguo zake, na kabla hajaufikia mlango akaona kioo kinamulika upya, kama mtoto aliyelazwa, mama akageuka tu, naye yu wima kitandani. Aghalabu mwenyewe hughadhibika akauchomoa waya ukutani. Na kwa kuwa hila hiyo humfaa usiku ule, huifanya desturi, ilhali maradhi yangali ndani.

Maradhi yenyewe ni mawili yenye sura moja, na fundi asiyeyapambanua atabadilisha vyombo bure. Yamkini kompyuta haikuzimika kamwe, bali ilijikwaa katika kufunga shughuli zake, mara nyingi kwa draiva mbovu, ikaanguka. Nayo Windows imewekewa tangu kiwandani amri ya kujiwasha upya kila iangukapo. Iondoe amri hiyo katika mipangilio ya mfumo, na safari ijayo, badala ya kuwaka upya, itakuachia skrini yenye jina la kosa, na pengine jina la draiva iliyokosa.

Kabla ya hayo, lakini, jaribu jambo jepesi: shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya kuzima. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida si kuzima kamili, kwani kiini cha mfumo huandikwa katika diski ili asubuhi kiamke upesi, na hitilafu ya jana huamka pamoja nacho. Ikizimika vema kwa Shift, ondoa huo uwashaji wa haraka katika mipangilio ya umeme, nawe umepona.

Yamkini pia ilizimika kweli, kisha ikaamshwa. Zamani swichi ya kompyuta ilikata umeme kama swichi ya taa, na waliotumia Windows 95 kwenye mashine za namna ile watayakumbuka maandishi ya rangi ya chungwa yaliyowapa idhini ya kuizima kwa mkono. Tangu Intel ilipotoa utaratibu wa ATX mwaka 1995, kitufe cha mbele hupeleka ombi tu, na maadamu waya umo ukutani, volti 5 hubaki katika ubao mama zikingoja mwito wa kadi ya mtandao, kibodi au maus. Basi chomoa vyote vya USB pamoja na waya wa mtandao, uzime. Ikilala, rudisha kimoja kimoja mpaka mchokozi ajulikane, kisha umnyime ruhusa ya kuamsha, katika Windows au katika BIOS.

Nami niliwahi kuyafanya hayo yote kwa mashine ya mwenye duka mmoja nisipate kitu, hata nilipolifungua kasha nikachomoa zile nyaya mbili nyembamba za kitufe cha mbele, nikaiwasha kwa kugusanisha pini zake kwa bisibisi, nikaizima, ikatulia. Kitufe kilikuwa kimenasa kwa vumbi na jasho la vidole, nusu ndani nusu nje, kikiomba umeme mchana na usiku.