Maumivu ya Mtoto na Hofu ya Unga

Likitajwa neno mofini huku Kisauni au Likoni, mzazi hushtuka, nami simlaumu. Tumewaona vijana wetu wakiangamizwa na unga, na wapo wanaokwenda kliniki ya Kisauni kunywa methadoni ili waepukane nao. Mama aliyeyashuhudia hayo, akiambiwa kuwa mwanawe aliyepasuliwa atapewa dawa ya jamii ya afyuni, husema afadhali avumilie.

Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Mtoto kunyamaza si dalili ya kupoa. Madaktari wenyewe waliwahi kukosea: hadi miaka ya 1980 watoto wachanga walipasuliwa kwa dawa haba mno, ikidhaniwa hawahisi. Mwaka 1987 K. J. S. Anand na wenzake wakaonyesha kuwa waliopewa fentanili walistahimili upasuaji vyema zaidi.

Marekani nayo iliteleza upande wa pili, ikagawa vidonge hivyo kupita kiasi. Siku hizi, hasa katika upasuaji wa matundu madogo, daktari hudunga ganzi kandokando ya kidonda mtoto angali usingizini. Kisha parasetamo na ibuprofeni hutolewa kwa saa maalumu, pasipo kungoja kilio. Wengi hurudi nyumbani bila hata kidonge kimoja cha afyuni.

Naam, mbinu hiyo ya ganzi na saa haihitaji mitambo ya ajabu. Lakini kwetu mkato mpana ungali wa kawaida, na maumivu yake ni makali zaidi. Isitoshe, mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi watoto wagonjwa nchini Kenya walivyokosa mofini. Sharti basi tupunguze pale tu penye dawa mbadala inayotosha.

Kodeini ni suala jingine. Ini huigeuza kuwa mofini, na kwa baadhi ya watoto hufanya hivyo kwa kasi ya kuua. Shirika la Afya Duniani liliiacha katika mwongozo wake wa mwaka 2012 kuhusu maumivu ya watoto. Marekani, mwaka 2017, ikaagiza wasio na miaka 12 wasipewe kamwe.

Mwalimu mwenzangu wa Changamwe, mwanafunzi akirejea darasani ameinamia dawati, muulize anaumwa wapi kabla ya kumwita mvivu. Naye mzazi wa Likoni, kabla ya kupanda feri kurudi kwake, aulize kipimo cha parasetamo kwa uzani wa mwanawe, saa za kumpa, na mahali pa kumpeleka maumivu yakizidi usiku.